Boksi la Mlingotini lililomtia mtu hatiani

Maji yamekupwa Mlingotini. Adija Msabaha anakatiza mchanga wenye majimaji, ndara mkononi, begi la vifaa limefungwa kifuani kwa khanga lisije likaguswa na chumvi. Anaelekea kwenye nguzo ya chuma iliyosimikwa katikati ya mashamba ya mwani.

Wanawake watano wameinama wakifunga mbegu kwenye kamba. Anawaamkia. Wanaitikia mmoja baada ya mwingine, bila kuinua nyuso. Kisha mmoja wao anauliza, kwa sauti ya kawaida tu, leo amebeba nini.

Adija anapiga goti, anatandika khanga, anatoa kitu kimoja kimoja: bisibisi, kompyuta ndogo, waya, kipande cha mpira mweusi, chupa ya maji ya kunywa. Mwanamke yule anakikagua kila kimoja kwa macho. Akisharidhika anairudia kamba yake.

"Nimezoea," anasema Adija akirudisha vitu begini. "Afadhali hivi wanavyouliza. Kuna wakati walikuwa hawaulizi, wananitazama tu."

Adija ana umri wa miaka thelathini na mitatu. Amezaliwa hapahapa Mlingotini, na utotoni alikuwa akifunga mwani na mama yake kabla ya kwenda shule. Leo anafanya kazi katika karakana ndogo ya vifaa vya mawasiliano mjini Bagamoyo, kazi ambayo anakiri kwamba hata nyumbani kwao ilimchukua muda kuieleza.

Kwa ufupi, yeye hupiga hesabu za namna mawimbi ya redio yanavyopita kwenye mistari myembamba ya shaba iliyochorwa juu ya kibao bapa, kibao cha ukubwa wa kiganja.

"Watu wakisikia umeme wanafikiria waya," anasema. "Unaingia huku, unatokea kule, basi. Lakini masafa yakipanda sana, ule mstari wa shaba unageuka kuwa mfereji. Wimbi linapita katikati, kati ya shaba ya juu na shaba ya chini. Ukiupinda mfereji, ukiupanua, ukiuweka karibu na mwenzake, wimbi nalo linabadilika."

Mstari mnyoofu una kanuni yake. Wenye kona na matawi hauna jibu la kuandika kwa kalamu, kwa hiyo Adija huikatakata shaba yote, ndani ya kompyuta, iwe vipande vidogo mfano wa vigae vya sakafuni. Kila kigae kina umeme wake usiojulikana, na kila kimoja kinavisumbua vingine vyote.

"Ni kama umewauliza watu elfu nne swali moja, na jibu la kila mtu linategemea watakachosema wenzake," anasema. "Huwezi kumwita mmoja mmoja. Inabidi wajibu wote kwa mpigo. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta."

Jibu likitoka, haliamini. Anavikata vigae viwe vidogo zaidi, anauliza upya. Jibu likihama, anajua lile la kwanza lilikuwa uongo. Likitulia, anaanza kuliamini kidogo.

"Mimi nimefundishwa kushuku," anasema. "Ndiyo kazi inayonilisha. Tatizo langu ni kwamba nilishuku mahali pasipo pake."

Mkasa wenyewe ulianza na nguzo hizi. Karakana ya Joachim Ferdinandi, mhandisi aliyekulia Bagamoyo katika familia ya watu wa misheni, ilipata kazi ya kusimika vituo viwili vya kupima joto la bahari. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani hugeuka mweupe, hulegea na kukatika. Kituo kingepima, kingetuma taarifa nchi kavu kwa redio, na simu za akina mama zingelia wahamishie kamba zao kwenye maji marefu mapema.

Adija ndiye aliyepiga hesabu za kibao kinachoyachuja mawimbi ya kituo, kuyaruhusu yanayotakiwa na kuyazuia mengine.

Kijiji hakikuzipenda nguzo tangu siku ya kwanza. Chuma kilichosimikwa ardhini, kwa watu wa pwani hii, ni bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, na bikoni maana yake kuna mtu anapima ili achukue. Minong'ono ikaenea kwamba kuna hoteli inakuja, wengine wakasema ni bandari, na wengine wakasema binti wa Msabaha ametumwa kwa sababu yeye hatafukuzwa.

Aliyelisema hilo waziwazi ni Bi Chausiku, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani, ambaye ni mdogo wake mama yake Adija. Alimuuliza mbele za watu ni nani aliyewatuma kuipima bahari yao, na akishamaliza kuipima atataka nini.

Adija alieleza. Anakumbuka kwamba watu walimsikiliza kwa adabu, na hakuna hata mmoja aliyemwamini.

Msimu wa kwanza ulilegeza mambo. Mara mbili simu zililia, akina mama wakahamisha kamba, mwani ukapona. Kuna waliokuja hadi kwa mama yake kumpa pole ya maneno waliyokuwa wameyasema.

Kisha jua likaipasua mifuniko ya plastiki ya maboksi yanayobeba vibao juu ya nguzo, maji ya chumvi yakaanza kupenya. Joachim akaagiza mifuniko ya alumini, mizito, yenye mpira pembezoni. Wiki hiyohiyo kikundi kikaona vituo vinahitaji mlinzi wa kudumu, wakamkabidhi ufunguo wa maboksi Mrisho Ishaka, fundi wa kuziba nyufa za mashua kwa kalafati, mtu mzima anayekaribia miaka sitini.

Tangu wiki hiyo vituo vikanyamaza.

Adija alitoka Bagamoyo, akaja, akafungua boksi. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Taarifa ikatumwa, ikafika. Hakuona waya uliokatika wala kutu. Akafunga, akaondoka. Kituo hutuma taarifa kila baada ya saa moja, kwa hiyo alikuwa amesharudi mjini alipogundua kwamba kimenyamaza tena. Akarudi kesho yake, mambo yakawa yaleyale.

Mrisho aliulizwa. Akajibu kwa maneno machache kwamba yeye hajagusa kitu, ila ameona ukilifungua boksi linasema, ukilifunga linanyamaza.

"Nilimwangalia tu," anasema Adija. "Nikajisemea, huyu ananifanya mtoto."

Ilikuwa rahisi kumshuku. Nguzo zilipoletwa, Mrisho ndiye aliyezipinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa hodari wa mikono. Na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

Joachim alipaka alama ya rangi juu ya skrubu, ili boksi likifunguliwa ijulikane. Walipokuja kukagua, alama ilikuwa nzima, haijaguswa. Badala ya hilo kumsafisha Mrisho, likamfanya aonekane mjanja zaidi. Joachim alihisi huenda mzee ana rangi ya namna ileile nyumbani. Adija hakubisha.

Kaskazi ikaingia na joto lake. Maji yalipata moto siku kadhaa mfululizo, na hakuna simu iliyolia. Akina mama waliposhuka na bamvua, maji yalipokupwa sana, walikuta kamba zimebaki tupu, vipande vyeupe vimetapakaa mchangani. Bi Chausiku, aliyekuwa akingoja mavuno hayo aezeke nyumba yake, alipoteza shamba zima.

Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Adija aliitwa mbele. Swali aliloulizwa na Bi Chausiku lilikuwa moja: mashine ni mbovu, au kuna mtu?

"Hesabu zangu nimezirudia," alijibu Adija siku ile. "Mashine ni nzima. Kuna mkono wa mtu."

Hakutaja jina, wala haikuhitajika. Watu waligeuza vichwa upande aliokaa Mrisho. Mzee yule alinyanyuka, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani taratibu. Siku zote alikuwa akimwita Adija mwanangu. Alipompita akasema, "Haya, mtaalamu," akaenda zake.

Kuna waliotaka apelekwe polisi. Wengine walisema inatosha kumtenga. Mkewe, aliyekuwa na kamba zake kwenye kikundi, alianza kufanya kazi peke yake. Akifika, mazungumzo yanakatika. Haukupita muda Mrisho akaondoka kijijini kwenda Chalinze, kushona maturubai ya malori.

Ufunguo ukachukuliwa na Bi Chausiku mwenyewe. Joachim akaja na betri mpya, akafungua, akajaribu, taarifa zikafika. Wakafunga, wakaagana na watu vizuri.

Kituo kikanyamaza.

Hapo kijiji kikaanza kutafutana. Wapo waliosema Mrisho ameacha kitu pale kabla ya kuondoka. Wapo waliosema sasa mchezo umeeleweka, ni wa mtu na mama yake mdogo. Joachim naye, anakiri mwenyewe, alimuuliza Adija kwa njia ya kuzunguka kama ana uhakika na ndugu zake.

Adija alimpigia simu Bi Chausiku mchana mmoja, akiwa karakana. Alitaka kumuuliza nani huwa anapita karibu na nguzo. Mama yake mdogo alimkatiza.

"Mwanangu, mimi nakueleza ninachokiona," alisema. "Nikilifungua linasema. Nikilifunga linanyamaza."

Adija anasema hakumbuki simu ile iliishaje. Maneno yalikuwa yaleyale ya Mrisho, karibu neno kwa neno. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii yalisemwa na mtu ambaye Adija hakuweza hata kufikiria kumshuku, na ndiyo maana akayasikia.

Kwenye meza kulikuwa na boksi la akiba, limeunganishwa na mashine ya kupimia. Karakanani vibao hupimwa bila mfuniko, kwa sababu fundi anakuwa bado anavirekebisha. Kwenye kioo, mstari unaoonyesha mawimbi yanayopita ulikuwa juu, umetulia, sawasawa na hesabu zake zilivyosema.

Alichukua mfuniko wa alumini, akaufunika, akakaza skrubu.

Mstari ulianguka. Pale penye masafa ambayo kituo hutumia, pakawa na shimo. Akafungua, mstari ukapanda. Akafunga tena, shimo likarudi.

"Sikufurahi hata kidogo," anasema. "Nilimwona yule mzee anaweka ufunguo mezani."

Akaifungua hesabu yake ya zamani. Kompyuta haijui kitu usichoiambia, na yeye aliiambia kwamba juu ya kibao ni wazi, hewa tupu isiyo na mwisho. Kwa mfuniko wa plastiki hilo lilikuwa sawa kabisa, kwa kuwa wimbi hupenya plastiki kama vile haipo. Alumini hairuhusu. Wimbi lililokuwa likivujia juu kidogo na kupotea sasa liligonga dari, likarudi, likagonga ukuta, na boksi zima likawa chumba kidogo cha mwangwi. Kwa bahati mbaya ukubwa wa chumba kile ulilingana na masafa yaleyale ya kituo. Nguvu ikabaki inazunguka humohumo, ikatoka kidogo mno.

Vituo vilipojaribiwa na mifuniko mipya uani mwa karakana, kipokezi kilikuwa hatua chache tu, kwa hiyo hicho kidogo kilitosha. Kutoka baharini mpaka nchi kavu hakikutosha.

Alirudia hesabu yote, safari hii akiwa ameweka dari juu ya shaba na kuta pembeni. Kompyuta ilichukua muda mrefu. Jibu lilipotoka, shimo lilikuwa palepale lilipokuwa kwenye mashine ya kupimia. Alivikata vigae viwe vidogo zaidi. Shimo halikuhama.

"Hesabu ya kwanza haikuwa na kosa," anasema. "Ilijibu swali la boksi lingine, boksi ambalo tulikuwa tumeshalitupa."

Joachim alipoingia, Adija alimpa mfuniko. Mhandisi aliufunga na kuufungua mwenyewe mara nyingi. Mwisho akavuta kiti akakaa.

"Tumemwonea mtu," alisema.

Mfuniko wa alumini na ulinzi wa Mrisho vilianza wiki ileile. Kijiji kizima, na karakana nzima, walimtazama mtu, hawakuutazama mfuniko.

Adija alikwenda Chalinze peke yake. Alimkuta Mrisho nyuma ya maegesho ya malori, ameketi juu ya turubai lililotandazwa, sindano kubwa mkononi. Alimwamkia, akaitikiwa. Akaeleza yote, mfuniko, mwangwi na hesabu, na mzee hakuacha kushona.

"Nilikwambia," alisema Mrisho, Adija alipomaliza.

"Uliniambia, mjomba."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia. Sikukuamini."

Adija aliomba radhi. Mrisho alimjibu kwamba hapo Chalinze hakuna anayemfahamu, kwa hiyo radhi ya hapo haina kazi. "Jina langu halikupotea huku," alisema. "Nenda ukaseme palepale uliposemea."

Mkutano wa pili uliitishwa uwanja uleule. Mrisho alikuja, akakaa nyuma kabisa na mkewe. Joachim alibaki upande wa pili wa kijiji na kipokezi, simu sikioni. Adija aliweka boksi mezani akaeleza kwamba siku ile alisema kuna mkono wa mtu, na kwamba maneno yale hayakuwa kweli. Kisha akawaita watu waje wajaribu wenyewe.

Walikuja. Kila boksi lilipofunguliwa, Joachim alisema kwenye simu kwamba linasikika. Kila lilipofungwa, alisema kimya. Kijana mmoja alidai huyo wa kwenye simu anaweza kuwa anasema anachotaka, wakatumwa watu wawili wakasimame naye. Majibu hayakubadilika. Mzee mwingine alisema huenda Joachim na hao wawili wamepatana wote watatu, na mpaka leo, kwa maelezo ya wanakijiji, hajaliondoa neno hilo.

Bi Chausiku alijaribu mara tatu. Alikaza skrubu kwa mkono wake, akalegeza, akakaza. Kisha akauchukua ufunguo, akatembea mpaka nyuma alikokaa Mrisho, akamnyooshea.

Mrisho aliukataa. Alisema yeye ni fundi wa mashua, atarudi kwenye mashua zake, na ufunguo washike watu watatu kwa zamu ili siku nyingine lawama isipate mtu mmoja wa kukaa naye. Hivyo ndivyo inavyofanyika sasa.

Dawa yenyewe haikuwa kubwa. Chini ya kila mfuniko Adija amebandika mpira mweusi unaomeza mawimbi, ili dari lisiyarudishe. Siku gazeti hili lilipomkuta baharini alikuwa amekuja kuuangalia kama chumvi haijaubandua. Msimu uliopita simu zililia kila joto lilipopanda, na Bi Chausiku ameezeka upande mmoja wa nyumba yake.

Hata hivyo kushuku hakukuisha. Mwanamke aliyekagua begi asubuhi hiyo anasema hana ugomvi na Adija, ila amejifunza kwamba hata mtu asiyedanganya anaweza kuja na jambo lisilo la kweli. Adija, akiambiwa hivyo, anasema ni haki yake.

Kwa Mrisho mambo yanakwenda polepole. Amerudi Mlingotini, anapigilia kalafati kama zamani. Wakikutana njiani wanasalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Adija anasema hajui kama amesamehewa, na hajathubutu kuuliza.

Kazi inayofuata iko Fukayosi, bara kidogo, ambako karakana inatakiwa kusimika vituo vya kupima mvua na maji ya kwenye mabonde kwa ajili ya wakulima. Hesabu za boksi, safari hii pamoja na dari lake, zimekamilika. Lakini nguzo bado zimelala uani Bagamoyo. Habari zimeshafika kwamba Fukayosi watu wanaulizana ni nani anayelitaka shamba lao.

Joachim alitaka nguzo zipelekwe mwezi huu. Adija amemwomba asubiri. Anataka kwenda kwanza mikono mitupu, bila chuma wala kompyuta, akae na watu wamuulize mpaka wachoke, ndipo vifaa vifuate. Na alikwenda kumwomba Mrisho waongozane.

Anasema mzee alimwambia atakwenda, kwa sharti moja.

"Aliniambia, 'Siendi kukusifia. Nakwenda kuwaambia mambo ya kukuuliza,'" anasema Adija, akilibana begi kifuani maji yakianza kujaa. "Nimemkubalia. Sijui atawaambia nini."